Kiti Kizuri, Gari Zuri

Jumatatu, 3 Juni

Daftari langu mpendwa, habari za siku nyingi? U mzima humo kwenye droo ya cherehani? Mende wamekuacha? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila mgongo. Nisamehe kwa kimya. Nina jambo, na wa kumwambia ni wewe tu, maana wewe huchongei watu kwa mama watoto.

Tunanunua gari! Jipya au lililotumika, hapo ndipo tulipokwama. Mama watoto anataka lililotumika. Mimi nataka jipya. Sababu yangu ni safi kabisa: Mungu apewe shukrani kwa kitu kipya. (Na shemeji analo jipya.)

Haraka yenyewe ni mama mkwe. Magoti yake yanatakiwa kliniki kila Alhamisi, na anayempeleka ni huyo huyo shemeji, mwanawe wa kumzaa. Viti vya gari lake bado vina nailoni ya kiwandani. Anamtandikia mama yake gazeti! Anamvua viatu! Alhamisi iliyopita walikata kona, mama akateleza na gazeti lake mpaka chini. Sasa ameapa hapandi tena sahani ile, na kliniki basi. Daktari alishaonya kwamba akiacha matibabu atakuwa mtu wa kitandani. Tumemwahidi: Alhamisi ya wiki ijayo anakwenda na gari letu. Kasema sawa, ila akiambiwa "kesho" hata mara moja, asisumbuliwe tena.

Jioni nimekata vikaratasi vya sala. Vilikuwa vimeniishia mwezi mzima uliopita, nikawa nashona bila. Unaijua desturi yangu: kila kiti cha gari ninachokishona, ndani natia kikaratasi, "Ee Mungu, mlinde atakayeketi hapa." Mteja hajui. Mungu anajua.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda duka la magari mapya. Suti ya harusi, manukato. Dada wa mauzo kaniita mheshimiwa. Kaniletea maji ya chupa! Nikaketi ndani ya gari jeupe. Subhana! Ila fundi wa viti ni fundi wa viti. Nikataka kujua ndani ya mshono kuna nini. Nilifumua kidogo tu. Kidole kimoja. Kwa wembe wangu mwenyewe.

Dada hakunisikiliza. Nilimwonyesha kwamba sindano na uzi sikosi kwenye kola, na kwamba ningemrudishia mshono bora kuliko wa kiwanda. Akamwita mlinzi. Mlinzi naye muungwana, kanisindikiza hadi getini, akaniuliza kumshonea kiti cha pikipiki ni siku ngapi.

Basi. Gari jipya nimelikataa. Wanashona kwa haraka mno.

Jumatano, 5 Juni

Mungu si Athumani! Nimelipata! Yadi ya dalali, yule anayeniletea viti nivishone. Gari la bluu, limetumika, lakini viti! Ngozi nyeusi, mshono maradufu, kona zimekaa kama shuka ya hospitali. Nilihisi wivu, nisikufiche. Mshono unafanana na wangu, ila wake umetulia zaidi. Nani huyu? Mji huu una fundi kunizidi na sijui? Nikainamisha kichwa, nikamwombea baraka huyo mtu.

Nina kanuni yangu: kiti kizuri, gari zuri. Mtu anayetunza anapokalia atashindwaje kutunza injini? Dalali akasema hajawahi kusikia hekima kama hiyo, na kwamba kuna mama mwingine analipigia simu kila saa. Nikamwachia saa yangu ya mkono iwe rehani, alishike mpaka Jumamosi. Mama watoto sijamwambia. Nitamshtukiza kwa furaha.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe hakwenda kliniki. Shemeji kaja, kapiga honi, kaondoka. Mama kashinda dirishani, mguu juu ya kigoda, kimya. Yeye! Ambaye hata akiombewa hanyamazi.

Jumamosi, 8 Juni

Mama watoto amejua. Kuhusu saa, kuhusu gari, kuhusu wembe. Ni mpishi wa shule, analisha watoto mia tatu bila kupandisha sauti, na kwangu pia hakuipandisha. Alisema tu kwamba hatununui kitu kabla Mama Spana hajakiona.

Mama Spana ni makanika. Sijapata kuona mtu kama yule. Tulipomfikisha yadi, hakuuliza bei, hakuuliza rangi. Kaegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, kafumba macho kama anayepokea siri. Kisha kaingia chini ya gari, vikabaki viatu tu. Alipotoka akasema gari hili lina kikohozi cha kifua, na sakafu yake ni rangi iliyopakwa juu ya kutu. Dalali akacheka, akasema gari ni kama binadamu, nani hana kikohozi?

Mimi nikasimama imara. Nikawaambia watazame viti! Aliyeshona viti hivi anamcha Mungu!

Mama Spana akapitisha mkono chini ya kiti cha dereva, akapapasa, akatoa kikaratasi. Akakisoma kwa sauti.

Daftari, ardhi ina ubahili. Haikupasuka.

Mama watoto akasema polepole kwamba hati hiyo anaijua, ndiyo iliyomwandikia barua za uchumba. Kumbe nililetewa viti vyenyewe tu, miezi mitatu iliyopita, gari sikuliona. Dalali hakuona haya: akaniuliza mimi ni baba gani wa kuliacha gari hili, ninamkana mwanangu hadharani? Mama Spana alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Halafu, mtu mwema yule, akanirudishia kikaratasi kwa mikono miwili, akasema kazi ya kiti kweli haina dosari.

Kwa hiyo yule fundi bora kuliko mimi ni mimi. Nimefarijika kiasi.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada, chakula kwetu. Shemeji kasikia habari zote. Akatangaza mbele ya meza kwamba mtu mwenye akili hanunui gari lililotumika, ni sawa na kuoa mjane: hujui marehemu aliacha nini ndani.

Kijiko cha mama mkwe kikatua. Akamkumbusha mwanawe kwamba yeye, mama yake, aliolewa na baba yake akiwa mjane. Tena na mtoto mgongoni. Na marehemu baba yenu, akasema, alimshukuru Mungu kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja, kwa sauti, mpaka majirani wakazoea.

Shemeji aliinamia sahani yake hadi maji ya kunawa. Mama yule! Laiti magoti yake yangekuwa na nguvu za ulimi.

Jumanne, 11 Juni

Mama Spana katutafutia gari. La mkunga mstaafu, na Mama Spana mwenyewe ndiye aliyelihudumia miaka kumi na miwili. Nililitazama nikasikia kuumwa. Rangi ya chai iliyomwagika. Kiti cha mbele kimepasuka, sponji limetoa ulimi. Kitambaa! Nilitaka kulia.

Ufunguo ukazungushwa mara moja. Likawaka kwa sauti ya paka aliyeshiba. Mama Spana akasikiliza, akafumbua macho, akasema: hili halina siri. Mkunga akaomba kitu kimoja tu, kwamba tusiliuze kwa dalali.

Mama watoto alimaliza mambo kwa dakika ishirini. Mimi nilishika mkoba wake.

Alhamisi, 13 Juni

Mama mkwe amekwenda kliniki! Kiti cha mbele kiko juu, hakuinama, hakuinuliwa. Viatu mguuni! Nikamwambia kesho namshonea ngozi mpya. Akanikataza kabisa nisikiguse, sponji lile limemkubali. Njiani tulimpita shemeji pembeni, anafuta gari lake vumbi kwa leso. Mama akampungia mkono kama waziri. Wiki ijayo, kasema, tutoke mapema.

Nilimtazama mama watoto kwenye usukani. Ndiye aliyeona tangu mwanzo, na hajasema "nilikwambia" hata mara moja. Mungu alinipa mke, akili akaiweka humo humo, isipotee.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda kwa dalali kuchukua saa yangu. Saa tu. Nimejifunza, Daftari.

Sasa, pale getini kulikuwa na kigari cha mizigo, cha kijani. Kingenifaa kubebea viti vya wateja. Nikachungulia. Viti! Kona zile! Safari hii sikudanganyika: nikapitisha mkono chini ya kila kiti, nikapapasa kama Mama Spana. Hakuna kikaratasi! Si kazi yangu! Ni fundi mwingine kabisa, tena mcha Mungu, na mwenye gari ni mtunzaji wa kweli. Dalali anasema viti vilishonwa mwezi uliopita tu.

Saa imebaki kule, rehani mpaka Jumatatu. Mama watoto nimemwambia iko kwa fundi saa. Mungu anisamehe.

Daftari langu, wewe unaonaje? Tafadhali nijibu upesi, maana kuna mama mwingine anakipigia simu kila saa.