Jinsi Nilivyomwonyesha Mama Voahangy Miamba ya Isalo

Jumamosi, 2 Agosti. Antsirabe

Siku njema kuliko zote mwaka huu. Nimekubaliwa. Kesho alfajiri naondoka kumtembeza Mama Voahangy kusini, hadi Isalo. Binti yake Voahangy atakuwemo garini. Kiti kimoja na mimi, ikiwezekana.

Chanzo ni macho. Mama Voahangy ametarizi vitambaa vya meza tangu usichana wake. Maporomoko, majabali, lemuri, vyote kanakili kutoka picha za kalenda, na wageni wanavinunua hotelini. Hajawahi kuona hata kimoja. Sasa macho yanafifia, na daktari hakumficha. Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, alisema kwamba kabla giza halijamfikia anataka kwenda kuangalia kama rangi za nyuzi zake zilikuwa sahihi. Watu wakanyamaza kwa huzuni. Mimi sikunyamaza. Nilisema mimi ni kiongozi wa watalii, na Isalo naijua kama ukumbi wa kwetu.

Ukweli: kusini sijavuka Ambositra, na huko nilikwenda mazishini. Lakini miamba haihami. Ukiikuta, umeikuta.

Dosari moja. Gari ni la Njaka. Fundi makanika, bubu wa kujitakia, mwenye Pejo ya marehemu baba yake. Nadhani naye anamtaka Voahangy. Hajasema, ila huyu hasemi lolote, kwa hiyo kimya chake si ushahidi.

Mpango: yeye ataendesha, mimi nitaeleza. Hakuna mwanamke aliyewahi kupenda kisogo.

Jumapili, 3 Agosti. Ranomafana

Hatukupaswa kuwa Ranomafana.

Kabla ya Fianarantsoa kulikuwa na njia panda. Njaka akauliza tushike ipi. Maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. Nikasema kushoto, kwa sauti ya mzoefu. Sababu: lami ya kushoto ilinipendeza. Barabara ikaanza kuteremka. Misitu ikatubana huku na huku, ukungu, matone yanadondoka juu ya gari. Voahangy akauliza mbona alisikia Isalo ni kukavu. Nikamjibu kuna majira.

Halafu ngurumo. Halafu poromoko lenyewe, kando ya barabara kabisa. Niliruka nje gari halijasimama. Mto mzima unajitupa juu ya mawe meusi, unapasuka, unainuka tena kama moshi, na mvuke unakupiga usoni ukiwa mbali bado. Nilipiga kelele kama ndama. Sikujua kama nchi yetu ina kitu kama hiki, na mimi ndiye kiongozi.

Mama Voahangy akasimama karibu yangu, kajifunga lamba lake, shuka la mabegani. Akasema anaona weupe tu. Rangi yake nini hasa? Nilitaka kusema buluu, maana nimeviona vitambaa vyake. Nikatazama vizuri. Si buluu. Nikamwambia katikati ni meupe kama sufuria ya wali inayofurika povu, na pembeni ni rangi ya chai ya maziwa.

Akashika kiuno. "Miaka yote hiyo nawauzia watu maporomoko ya buluu," akasema. Akacheka mpaka akamwegemea Njaka.

Niliwaambia kwamba kupitia huku ilikuwa sehemu ya mpango. Njaka alinitazama, akaenda kukagua matairi.

Jumatatu, 4 Agosti. Ambalavao

Leo Anja, kwa lemuri wenye mikia ya pete. Milima mitatu ya mawe matupu imekaa kama mafahali waliolala, na chini yake lemuri wanaruka kila mahali. Nilitangaza kwamba wanyama hawa hawamsogelei binadamu kamwe. Mmoja akachukua koba yangu, ile keki ya karanga, mkononi, akamenya jani la mgomba kwa ustadi, akala akinitazama.

Baadaye kidogo tukamkuta mwingine ameketi juu ya jiwe anaota jua. Mikono ameitandaza, kitambi nje, macho nusu. Mama Voahangy hakumwona. Kwake jiwe na lemuri ni kitu kimoja. Basi nikaketi juu ya jiwe la pili, nikatandaza mikono, nikatoa tumbo nje, nikalegeza macho. Akanipapasa mabega na viwiko, taratibu, kama anayepima nguo. Akasema: "Kumbe mikono iko chini zaidi. Wangu wote niliwachora kama wanaosali."

Voahangy alicheka mpaka machozi. Ni mara ya kwanza ananicheka kwa wema. Nina hakika sasa. Ananipenda. Imebaki kumwondoa Njaka.

Jumanne, 5 Agosti. Ranohira

Siku nzima uwanda wa Horombe. Nyasi za rangi ya simba, hakuna mti, hakuna nyumba, mbingu imeshuka hadi chini. Ng'ombe wenye nundu wanavuka barabara bila haraka na wachungaji wa kabila la Bara nyuma yao. Nilikuwa natoa kichwa dirishani kama mbwa. Mama Voahangy kila mara: "Sasa kuna nini?" Nami namwambia: hakuna kitu, Mama, hakuna kitu kabisa, na hakijaisha bado! Akasema hakuna kalenda iliyowahi kumwonyesha utupu mzuri hivyo.

Katikati ya utupu huo mpango ukanijia. Nikawaambia kwamba Isalo kuna mwiko. Aliyeshika usukani wa gari haruhusiwi kuingia bondeni, kwa kuwa wahenga wa kule hawapendi harufu ya petroli. Voahangy akakunja uso. Mama Voahangy akasema mwiko wa wenyeji uheshimiwe. Njaka akasema sawa, atakaa na gari.

Alikubali kwa unyenyekevu kiasi kwamba nilimhurumia kidogo. Si sana.

Jumatano, 6 Agosti. Ranohira, jioni

Niandike taratibu, vidole vimechubuka.

Kumbe Isalo huingii bila mwenyeji wa kukuongoza. Wetu alikuwa Zafisoa, mwanamke wa Kibara, kofia ya ukili, mwendo kama ardhi inamsogelea yeye. Akauliza mbona yule mrefu anabaki. Mama Voahangy akamweleza ule mwiko. Zafisoa akauliza nani kausema. Wote wakanigeukia. Nikasema mzee mmoja wa Ihosy. Jina lake? Nikasema alifariki.

"Sawa," akasema Zafisoa. "Kwetu, anayeuleta mwiko ndiye anayeubeba. Kaka, mpe dereva kofia yako, ukae hapo na gari."

Alisema kwa adabu sana. Nilikuwa nimeshaketi ndipo nikaelewa.

Wakaondoka. Njaka amemshika mkono Mama Voahangy, kofia yangu kichwani. Nikabaki na Pejo.

Pembeni kulikuwa na mteremko. Nikawaza: nikipanda hapa, nitatokea mbele yao, juu ya jabali, mikono kiunoni, upepo unapeperusha shati. Nikapanda. Mwamba wa Isalo ni wa mchanga, unamegeka kama biskuti. Nilifika kwenye ukingo mwembamba, na pale juu kukakataa, chini kukakataa. Nikageuka, mgongo ukutani, kuomba Mungu.

Nikafumbua macho. Nikasahau kuomba.

Miamba, jamani. Haina mwisho. Imechongwa kama mji waliouhama majitu: minara, madirisha, ngome, mwanamke aliyeketi na taji lake. Kati yao nyufa za giza, na ndani ya nyufa ukanda wa kijani unaofuata maji. Machozi yalinitoka, na sijui ni ya hofu au ya nini. Nikapiga kelele. Miamba ikanirudishia, mara mbili, tatu.

Chini kabisa, kando ya bwawa la kijani, vichwa vinne vikainuka.

Sauti ya Mama Voahangy ikapanda, nyembamba na wazi: "Tovo! Unaona nini?"

Nikamweleza. Nikasahau niliposimama. Nikamwambia miamba yote ni tabaka juu ya tabaka. Akauliza ni ya njano? Nikasema hapana Mama, ni rangi ya kitumbua upande uliogusa chuma. Akauliza vivuli je? Nikatazama. Nikasema zambarau.

"Zambarau?"

"Zambarau kabisa, Mama."

"Nilijua!" akapaza sauti. "Nilimwambia mwenye duka vivuli vya mawe ni zambarau, akaniletea kijivu. Kila mwaka kijivu!"

Akaketi juu ya jiwe. Nilimwona Voahangy akimfuta uso kwa ncha ya lamba. Nikaendelea. Nilimwonyesha matundu ya makaburi ukutani kwa kidole, na Zafisoa akanifokea kwamba makaburi hayanyooshewi kidole, nikikunje. Huo ni mwiko wa kweli. Nikakikunja. Mwishowe Zafisoa akauliza kama ninashuka au waniletee chakula huko huko. Ikabidi niseme hali yangu.

Njaka ndiye aliyekuja. Alivua viatu, akapanda na kamba ya kuvutia gari, akanifunga, akanibeba mgongoni kama gunia la mpunga. "Fumba macho, kaka," akasema. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyonipa safari hii. Tulipofika chini nyayo zake zilikuwa zinatoka damu. Nimeandika hilo kwa sababu ni haki yake.

Mezani jioni hii Mama Voahangy alinishika mkono mbele ya wote. Nikajiweka sawa. Akasema amejua tangu ile njia panda kwamba sijawahi kufika huku.

"Mwanangu, aliyekwisha kuona hapigi kelele vile. Kiongozi wa kweli angenitajia urefu na majina, nami ningeona ukungu wangu tu. Wewe ulikuwa unaona kwa mara ya kwanza. Nikaona nawe."

Sikujua kama niaibike au nifurahi. Nikachagua.

Alhamisi, 7 Agosti. Njiani, Ihosy

Asubuhi Voahangy aliniita nyuma ya gari, peke yetu. Nilichana nywele kwa vidole.

Akasema yeye na Njaka wamekubaliana tangu Pasaka. Kilichobaki ni siku ya familia ya mume kuja rasmi kumposa, na siku hiyo lazima awepo msemaji wa upande wa mume, mwenye maneno. Njaka akisimama mbele ya watu anasahau hata jina lake. Kwa hiyo wanauliza, yeye na Njaka, kama ningekubali kumsemea.

Nikatazama nyasi. Tangu Pasaka. Kwa hiyo pale Anja, na tumbo langu nje, alikuwa tayari wa mwingine. Nilitaka kumuuliza mbona hakusema mapema, ila nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia lolote. Niliukaza uso tu. Iliuma, na bado inauma ninapoandika.

Nikauliza kama watu watakuwa wengi. Akasema familia zote mbili, na kwaya. Nikasema nitafikiri. Kabla hajashika mlango wa gari nilikuwa nimeshapata aya ya ufunguzi.

Jumamosi, 9 Agosti. Antsirabe

Mama Voahangy ameanza kitambaa kipya, kikubwa cha kufunika meza ya watu kumi. Nyuzi za zambarau kila mahali. Voahangy anamtungia sindano, yeye anashona polepole, kwa kupapasa. Juu ya jabali moja ameweka kitu kidogo chenye mdomo wazi. Akiulizwa anasema ni mjusi. Mimi najua.

Mchana nilikwenda kwa kina Njaka kufanya mazoezi ya hotuba. Njaka alisikiliza hadi mwisho, akasema ni ndefu. Mtu huyu hajui sanaa.

Lakini pale nyumbani nimemkuta dada yake Fanja, kaja kutoka Toamasina kwa ajili ya posa. Macho makubwa, mcheshi, anauliza maswali mazuri. Amesema ndoto yake ni kuvuka kwenda Nosy Boraha kuona nyangumi kabla msimu haujaisha, ila hana wa kumpeleka anayepajua. Akaniuliza kama nimewahi kuwaona.

Nikamwambia wengine wananijua kwa sura.

Tunaondoka Ijumaa. Nimefurahi siwezi kukaa chini. Imebaki kumuuliza mtu, kwa siri, kama nyangumi ana meno, na kama kwenye boti kuna mahali pa kushika kwa mtu asiyejua kuogelea.