Sauti Yangu kwa Shule Sitini na Tatu

Jumatatu, 28 Julai

Nyuzi nne za joto saa moja asubuhi. Upepo wa kusini, ule wa baridi. Mtafiti amefika kutoka mji mkuu, Asunsion, kwa basi la saa nne. Jina: Noelia Cristaldo. Umri: thelathini hivi. Mizigo: kompyuta, kamera, maikrofoni mbili. Viatu: havifai kwa udongo mwekundu. Amepewa ukumbi wa parokia.

Anatafuta mtu mmoja mwenye Kiguarani kizuri, lugha yetu ya hapa. Mtu huyo ataonyeshwa filamu fupi zisizo na sauti na kusema anachokiona. Sauti yake itarekodiwa na kupelekwa shule zote za mkoa. Shule sitini na tatu.

Sauti yake! Mimi nimesoma matangazo ya vifo katika redio ya mji huu kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka jana wakaniweka kando. Sasa yanasomwa na kompyuta, inayotaja marehemu kana kwamba inawaita dirisha namba tatu. Tangu hapo nina wasikilizaji wawili: mke wangu Casimira, ambaye hasikilizi, na mbwa.

Nafasi hii ni yangu.

Bi Noelia alitueleza kazi yenyewe. Tulihudhuria watu kumi na mmoja, tisa kwa ajili ya mate, chai yetu ya majani, ikiwa moto. Alisema kila lugha huamua kivyake lipi mtu hulitenda na lipi humkalia tu. Kwetu, anayekimbia anatenda. Aliyechoka hatendi kitu: uchovu tunamtajia jinsi tunavyomtajia kichwa chake au ng'ombe wake. Kusahau ni vivyo hivyo, humkalia mtu. Lakini kuanguka tunakuhesabu kuwa tendo, sawa na kuruka. Lugha nyingine hupanga vingine kabisa. Yeye anataka kujua kwetu mpaka umepita wapi.

Nilirudi nyumbani nikamjulisha Casimira kwamba, kwa mujibu wa sayansi, sikutenda kosa lolote kusahau paa la jikoni tangu Machi. Alisema mvua nayo haina kosa, inamkalia tu yeye na sufuria zake.

Mshindani wangu mmoja tu: Ña Deolinda, muuza chipa, mikate yetu ya jibini. (Hapa mwanamke mtu mzima hatumwiti jina tupu.) Hajui kusoma. Hajawahi kushika maikrofoni. Sioni tatizo.

Jumanne, 29 Julai

Tatizo.

Filamu ya kwanza: mwanamume katika machela iliyotundikwa mitini, macho yamefungwa. Nilisafisha koo. Nikasema raia huyu, akiwa amehitimisha majukumu yake ya mchana, anautekeleza usingizi kwa ustahimilivu. Bi Noelia aliuliza kama kuna mtu husema hivyo. Nikamjibu kwamba ameshamsikia mmoja.

Ña Deolinda, filamu hiyo hiyo: kalala.

Filamu ya pili: ng'ombe, mbavu zinahesabika. Mimi: ng'ombe anaendelea kupunguza uzito mbele ya macho ya taifa. Ña Deolinda: kakonda, na Agosti hata haijafika. Bi Noelia aliandika kwa dakika nzima. Kwangu mimi alikuwa ameandika kwa sekunde nne, na mbili kati ya hizo alikuwa akijaribu kalamu.

Kosa langu nalielewa. Redioni kitu kilichotulia si habari. Hata marehemu niliwapa shughuli: wanatuaga, wanatutangulia, wanaiachia familia pengo. Nilidhani mtafiti naye anapenda watu wa vitendo.

Wakati wa kutoka Ña Deolinda alinipita mlangoni na kikapu chake kichwani. "Karai Nemesio," akasema kwa heshima zote, "ungemwachia hata ng'ombe apumue."

Watu walicheka. Nimeandika majina yao.

Jumatano, 30 Julai

Mpango mpya. Nitathibitisha kwamba Kiguarani cha Ña Deolinda kimechanganywa na Kihispania. Daftari, kalamu mbili. Nilimfuata katika mzunguko wake wa chipa kuanzia saa mbili, umbali wa hatua kumi, nikijifanya naelekea pengine.

Kwenye kona ya tatu aligeuka akaniuliza kama mguu unaniuma au nimepotea njia ya kurudi kwa mke wangu. Nilisema nafanya mazoezi ya kutembea. Alisema basi vizuri, maana shingo yake inauma. Akanitwika kikapu.

Kikapu: kilo kumi na nne. Umbali: kituo cha basi hadi zahanati, kisha kurudi. Kalamu zote mbili zilikuwa mfukoni na mikono yote miwili ilikuwa juu. Mbele ya zahanati muuguzi aliuliza Ña Deolinda amempata wapi kijana huyu. Ña Deolinda alimjibu kwamba kijana ni mzuri ila hatoi sauti.

Maneno ya Kihispania niliyoyasikia: kumi na moja. Saba kati yake aliniambia mimi. Anasema ndivyo anavyozungumza na polisi na wageni.

Nilipeleka ripoti ukumbini. Bi Noelia alifurahi kupita kiasi. Alisema namna watu wanavyochanganya ndiyo aliyokosa hadi sasa, akanishukuru, akampa Ña Deolinda dakika arobaini zaidi mbele ya maikrofoni.

Mabega yangu yananikalia.

Alhamisi, 31 Julai

Uamuzi utatangazwa kesho saa nne kamili, ukumbini.

Nimeandika waraka. "Sisi, raia wa mji huu, tunashuhudia kwamba sauti ya Nemesio Villasanti ndiyo sauti yetu." Nitazunguka nyumba kwa nyumba kuanzia alfajiri. Sahihi kumi na nne zinatosha. Mtafiti gani atabishana na umma?

Casimira aliusoma akaurudisha mezani. "Wewe baba, kesho ni tarehe ngapi?" Nilisema ni tarehe mosi. Halafu? Halafu ni Ijumaa. Alinitazama kidogo, akaenda kutwanga majani ya ruda.

Najua anachowaza. Tarehe mosi Agosti kila nyumba hunywa karulim kabla ya kifungua kinywa: pombe kali ya miwa, ruda, limau. Mafunda matatu. Ndiyo kinga yetu. Agosti huua ng'ombe waliokonda na wazee wenye kikohozi, na mimi nimewasoma wote hewani. Mgeni akiingia lazima anywe. Akikataa, ni kama kawaletea jeneza.

Nimemweleza kwamba nitakunywa yangu hapa nyumbani, nimalize wajibu, kisha nizunguke nikiwa nimeshakingwa. Casimira aliendelea kutwanga. Mwanamke huyu hajawahi kuniamini katika jambo lolote la mipango.

Ijumaa, 1 Agosti

Yafuatayo nimeyanakili kutoka daftari la mkononi.

Saa 12:10. Nyumbani. Mafunda matatu. Tumbo tupu, kama desturi.

Saa 12:25. Wenceslao wa duka. Nilisema nimeshakunywa. Alisema kwangu nimejikinga mimi, kwake nitaikinga nyumba yake, ama nina neno na nyumba yake? Mafunda matatu. Sahihi ya kwanza.

Saa 1:00. Sahihi nne. Kichwa kiko wazi. Baridi haipo.

Saa 1:20. Nyumba ya sita. Mjane wa karai Eusebio. Aliniambia kwamba tangazo la mumewe nililisoma vizuri kuliko padri alivyomzika. Akaomba ninywe na fungu la marehemu. Mtu anakataaje? Mafunda sita. Tulilia kidogo. Sahihi yake ni nzuri sana.

Saa 1:50. Sahihi tisa. Moja ni yangu. Nimeikata, nimebaki na nane.

Saa 2:30. Nyumba ya kumi na moja. Lango la bluu, tanuri la udongo, harufu ya jibini. Nilibisha. Akafungua Ña Deolinda.

Nilikuwa nimepiga hesabu ya nyumba bila kupiga hesabu ya wenyewe.

Aliuliza karatasi hiyo inasema nini. Mtu mwingine angedanganya. Mimi nilisimama katikati ya uwanja nikamsomea yote, kwa sauti ya saa saba mchana, ile ya vifo vya watu wakubwa. Kuku walinyamaza. Alisikiliza hadi mwisho. "Sauti unayo, karai," akasema. "Shida yako ni ukishaifungua, unaijaza." Akapaka kidole masizi ya tanuri, akaweka alama chini ya jina langu.

Kisha akaleta chupa. Ruda yake ameiloweka humo tangu Juni.

Saa 3:15. Nyumba kumi na tatu. Watu wazuri sana. Mji mzuri sana.

Saa 3:40. Kumi na nne! Naelekea uku

(Hapa mwandiko unashuka hadi nje ya ukurasa.)

Jumamosi, 2 Agosti

Sehemu iliyobaki nimeikusanya kwa mashahidi watatu. Maelezo yao yanalingana, jambo ambalo halijawahi kutokea katika mji huu.

Nilifika ukumbini saa nne na dakika tano. Jumla ya mafunda, kwa hesabu yangu: arobaini na nane. Nilisimama kwenye ngazi, nikafungua waraka, nikaanza kusoma. Mashahidi wote wanakiri kwamba sauti ilikuwa nzuri. Nilisema "Sisi." Kisha nikateremka ngazi tatu bila kutumia miguu, nikabaki hapo.

Bi Noelia alitoka na kamera. Kumbe alikuwa ametafuta wiki nzima mtu wa namna hiyo, maana filamu zake zote zimeigizwa na wanafunzi wa mjini na wanaanguka kwa adabu mno. Alimwomba Casimira ruhusa. Casimira alisema achukue filamu, na akiwa na nafasi kwenye basi amchukue na mwenyewe.

Akaweka maikrofoni moja pale pale chini, akamwita Ña Deolinda, akamuuliza mtu huyu anafanya nini.

"Hafanyi kitu. Kalewa."

Na kabla ya hapo?

"Kaanguka. Hilo kafanya mwenyewe."

Wanasema Bi Noelia alikumbatia daftari lake. Alimtangaza Ña Deolinda hapo hapo, bila hotuba. Ndiye atakayesikika katika shule sitini na tatu. Mimi ni filamu ya arobaini na moja.

Casimira alinipa habari hizi zote akianika nguo, mgongo kwangu. Nilimuuliza kama alinitetea hata kidogo. Alisema alinifunika kwa gunia, maana upepo ulikuwa wa kusini.

Jumapili, 3 Agosti

Kichwa kimetulia. Nimefikiri upya na nimekuta kwamba nimeshinda.

Nilikwenda ukumbini kabla Bi Noelia hajafunga mizigo, nikaomba kuiona filamu. Nikaiona mara tano, saa mkononi. Ña Deolinda anasikika kwa sekunde sita. Mimi naonekana kwa dakika mbili na sekunde kumi. Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia: maikrofoni ilikuwa shubiri moja kutoka mdomoni mwangu. Nakoroma. Nakoroma tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti nzito, yenye pumzi, bila kukosea neno. Kompyuta ya redio haiwezi hivyo hata ikiwekewa mtambo mpya.

Sauti yangu itafika shule sitini na tatu. Hilo ndilo nililotaka. Limeandikwa humu humu, Jumatatu.

Kasoro ni moja: jina langu halitajwi. Bi Noelia alisema kwa upole kwamba katika kazi kama hii mtu aliyelala kwenye ngazi huwa hatajwi jina, kwa faida yake mwenyewe. Hiyo ndiyo dharau ya watu wa Asunsion. Basi lake linaondoka kesho saa tano. Nimeshaandika waraka mpya: "Sisi, raia wa mji huu, tunadai jina la Nemesio Villasanti litangulie mkoromo wake." Safari hii sahihi thelathini. Wengi waliokosa kunywa tarehe mosi wanafidia kesho asubuhi, kwa hiyo nitawakuta nyumbani.

Casimira ameuliza kama sikujifunza kitu chochote Ijumaa.

Nimejifunza. Kesho naanzia nyumba za kilimani, niwe nateremka.