Shuka Lisilo na Doa

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu anahama! Jumamosi atamchagua wa kurithi darasa lake la kutafakari. Ni mimi. Nani mwingine? Shemeji, kaka wa mke wangu, yule kinyozi asiyejua kufunga mdomo?

Leo karudia somo lile lile. Kwa mayogi, mabingwa wa yoga, ukweli na usafi hutangulia hata mazoezi ya kuvuta pumzi. Kwa masufi, udhu wa mwili bila udhu wa moyo ni kulowana tu. Kila mwanafunzi kapewa shuka jeupe la kukalia. Ukisema uongo, unalitia doa la wino wewe mwenyewe. Jumamosi yatafunuliwa yote. Rahisi kama kumsukuma mlevi!

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia bosi naumwa. Nimemwambia jirani sijauona mwavuli wake (uko nyuma ya mlango wangu). Nimemsifia mke wangu mchuzi (chumvi tupu). Doa? La nini? Huo si uongo, ni adabu. Shuka jeupe pe. Mke wangu kalitazama, kaguna. Sikuupenda mguno ule.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kunyolewa kwa shemeji, yaani kupeleleza. Shuka lake limejaa madoa! Nimecheka hadi wembe ukanigusa sikio.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mke wangu kamsikia Mwalimu akisema shuka jeupe baada ya wiki nzima ni la maiti au la mwongo. Darasa linaniponyoka!

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nimelimwagia wino, madoa mengi kuliko ya shemeji. Nikawahi darasani, nikalikalia.

Mwalimu akapita akikagua, mmoja mmoja. Akafika kwangu. Akagusa doa. Kidole kikatoka cheusi. Akauliza kwa upole uongo wote huu niliusema lini. Nikajibu: wiki nzima, Mwalimu. Na hilo lilikuwa kweli! Neno langu la kwanza la kweli tangu Jumatatu, na hakuna aliyeliamini. Nikainuka, makalio meusi tii. Darasa zima likaangua kicheko.

Shemeji kapewa darasa. Imeniuma. Imeniuma sana.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kanigawia shuka jipya, nianze upya. Mke wangu kauliza kama nimejifunza. Nimemwapia kwamba nimejifunza.

Shuka liko kwenye kamba, juani. Madoa ya wiki ijayo yanakauka vizuri.