Kiingereza cha Kunong'onezwa

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi mzima, miaka sabini na ushei, leo nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakinigusa kidevu. Darasa la Kiingereza la watu wazima. Nimejipeleka mwenyewe, hakuna wa kumlaumu.

Sababu ni mjukuu. Yuko ng'ambo, ana miaka saba, Kiswahili hajui hata salamu. Kila Jumamosi tunaonana kwenye simu. Mama yake, binti yangu, ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Sasa kazini wamembadilishia zamu, mtoto anabaki na baba yake, na mimi na huyo mkwe tunaelewana kwa kupungiana mikono tu. Jumamosi iliyopita mtoto alinitazama, nikamtazama, akaenda zake kucheza. Nikabaki naongea na ukuta wao. Ukuta mzuri, wa kijani. Binti kasema kwa upole kwamba mtoto akichoka tusimlazimishe. Nimeelewa. Yaani simu zitaisha.

Mwalimu, mwanamke kijana mwenye sauti ya kuamuru, kafundisha vineno vinavyokaa mbele ya kitenzi. "Can" ni kuweza. "May" ni kuomba ruhusa. "Must" ni lazima. "Should" ni lazima iliyopakwa mafuta. Hilo la mafuta ni langu, yeye kasema ni ushauri. Kisha kila mtu aseme anachoweza. Fundi Saa, jirani yangu wa kibanda cha pili, kasimama kabla hajaitwa, kasema anaweza kutengeneza saa yoyote duniani. Muongo. Yangu iko kwake tangu mvua za mwaka juzi.

Zamu yangu. "I can," nikasema. Mwalimu kangoja. Kila nilichoweza nilikiweza zamani. Nikakaa.

Alhamisi, 6 Machi

Sikwenda darasani. Mwenye akili hasomi, anawatumia waliosoma.

Fundi Saa aliwahi kuwa mpokea wageni hotelini, Kiingereza kinamtoka kama kikohozi. Mpango uko hivi. Simu kwenye rafu ya dirishani. Mimi mbele yake, wembe mkononi, mtu wa kazi. Yeye nyuma yangu kitini, amenipa mgongo, nimemfunika shuka na kumpaka povu kama mteja. Anong'one, nitamke. Malipo yake: nimnyoe bure, na nimwite Mheshimiwa mbele ya muuza magazeti. La pili limeniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefagia. Kioo kikubwa kilicho mbele ya kiti nimekifuta mpaka kinang'aa. Mteja mmoja tu kutwa, na huyo alikuja kuuliza njia. Nilimwelekeza kirefu. Nilitaka akae.

Jumamosi, 8 Machi

Mtoto kauliza kitu. Nyuma yangu mnong'ono, mdomoni kwangu Kiingereza. Macho yakamtoka. Kauliza tena, nikajibu tena, laini kabisa. Mara kaanza kucheka. Hajawahi kucheka na mimi. Nikanogewa, nikaongeza na mikono. Kacheka mpaka akaanguka kwenye kochi.

Kumbe ananyoosha kidole nyuma ya bega langu. Nikageuka.

Kioo! Uso mzima wa Fundi Saa, povu hadi puani, midomo ikitangulia ya kwangu. Miaka arobaini nafanya kazi mbele ya kioo, na kioo ndicho nilichokisahau.

Mtoto kaomba kuongea na mtu wa povu. Huyo bwana kazungusha kiti bila hata aibu, wakapiga soga kama walionyonya pamoja. Mimi nimesimama na wembe kama mhudumu. Nikaanza kumnyoa. Nusu ya sharubu ikaondoka. Mkono uliteleza. Katoka nje ameshika mdomo, na maneno aliyoniambia hayakuwa ya Kiingereza.

Tukabaki wawili, mimi na mjukuu. Kaacha kucheka. Kaniuliza jambo, polepole, uso makini. Ndani yake nikasikia "can". Nimelitambua peke yangu. "Yes, I can," nikasema. Kapiga makofi, simu ikakatika.

Sijui nimesema naweza nini.

Jumapili, 9 Machi

Nimemfuata Fundi Saa nimuulize kama alisikia swali la mtoto akiwa mlangoni. Kajifunika leso mdomoni, kasema hata angesikia asingeniambia.

Nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, nikajizungusha. Marehemu mke wangu angekuwepo angenicheka, nami ningemwambia anyamaze. Asingenyamaza. Nimezunguka mpaka kichwa kikauma.

Jumatatu, 10 Machi

Binti kapiga. "Baba, umemwahidi mtoto nini?" Kumbe mtoto aliniomba nimfundishe Kiswahili, kila Jumamosi, na mimi nikasema naweza. Tangu juzi anachonga penseli, wala haambiliki. Binti kasema yeye mwenyewe kila mwaka hukusudia kuanza kumfundisha, kazi zinammeza. Kauliza kama kweli nitaweza.

Nikasema sana tu. Nimekata simu nikacheka kwa sauti, halafu nikaacha, maana ilisikika kubwa humu ndani. Kiswahili! Lugha ninayotukania watu tangu nina meno ya utotoni.

Jumanne, 11 Machi

Darasani sikwenda, nina kazi. Nimemwomba radhi Fundi Saa kwa sharubu. Nimemwita Mheshimiwa mbele ya muuza magazeti, mara mbili. Kisha ombi langu: Jumamosi akae tena kitini, aninong'oneze.

Kauliza aninong'oneze nini, Kiswahili si nakijua mwenyewe? Nimemwambia asijifanye anajua kila kitu, kufundisha ni kazi ya watu wawili. Kakubali upesi mno. Nadhani naye Jumamosi hana pa kwenda.

Safari hii sirudii kosa. Kioo kikubwa nimekifunika shuka, hakionekani hata ncha. Kile kidogo cha mkononi nitampa Fundi Saa akishike, ajitazame sharubu zinavyoota.