Tovuti ya Biriani Iliyokataa Kutoa Wageni

Wenzangu, leo sina uso. Na nimeupotezea mbele ya mama mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Posa yangu kwa Salma bado haijajibiwa, na mwenye jibu ni yeye.)

Bi Mwanakhamisi, mama yake Salma, ndiye mwenyekiti wa kamati ya chakula cha Idi hapa Malvern, huku ughaibuni. Nikajipendekeza: "Mama, nitawatengenezea tovuti ya kuagizia." Nikaiandika kwa Java, lugha ya kuundia programu, kama zile za kazini. Mwanzoni nilisifiwa mpaka nikaona haya. Sasa Idi imekaribia, watu wanaingia kwa wingi, na tovuti inatambaa. Mtu akiagiza biriani, ukurasa unazunguka tu mpaka hamu inamwisha.

Leo kamati ikaniita ukumbini. Isipopona, wanarudi kuagiza kwa simu, na mimi nionekane mtu wa maneno. Nikafungua kompyuta: kumbukumbu ya seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, imejaa pomoni. Nikaiwasha upya seva. Ikakimbia. Tukanywa chai, ikajaa tena. Nikaiongezea kumbukumbu. Ikajaa tena. Sikuelewa kitu. Java ina mfagizi wake ndani, kazi yake kutupa visivyotumika. Huyu wangu alikuwa anafagia bila kupumzika na hatoi hata unyoya, huku seva nzima inamsubiri.

"Labda ni mtandao wa hapa," nikasema.

"Ndio huo huo tunaoangalia harusi za Tanga," akajibu Bi Mwanakhamisi. "Hazikwami."

"Basi labda mnafungua kurasa nyingi mno." (Nilimwambia mkwe hivyo. Mimi.)

Akanitazama. "Baba, hebu weka ukutani hicho unachokiangalia, tuone wote."

Nikaunganisha projekta. Nikachukua nakala ya kila kilichomo kwenye kumbukumbu, nikaanza kupekua. Nikakuta watu. Kila aliyeingia tangu niiwashe seva bado yumo na kapu lake la biriani, hata aliyekwisha kuagiza akafunga akaenda zake. Mbona hawatoki? Nani kawazuia? Nikafuatilia mpaka kwenye mstari wa programu unaopanga muda wa mgeni kukaa. Nikaufungua kwa mbwembwe, maandishi makubwa, ukuta mzima.

Sasa sikilizeni. Kazini kwetu hakuna anayejua Kiswahili, kwa hiyo nimezoea kujiandikia maelezo ndani ya programu kwa Kiswahili, nijisemee nitakalo. Nikasahau leo niko na nani. Juu ya ule mstari nilikuwa nimeandika: "Mgeni asitolewe kamwe. Mama mkwe anaandika kama kobe, akitolewa katikati nitakosa mke."

Mzee mmoja wa kamati akayasoma kwa sauti, kwa ajili ya waliosahau miwani.

Salma, aliyekuja na mama yake, akajifunika uso kwa mtandio. Mimi natafuta waya wa projekta, siuoni. Nikaweka kikomo cha nusu saa kwa kila mgeni, nikawasha upya. Tovuti ikakimbia na haikujaa tena. Hakuna aliyeitazama.

Bi Mwanakhamisi akavaa koti lake, kifungo kimoja kimoja.

"Ahsante baba, tovuti imepona. Na ile posa yako nitaijibu." Akafika mlangoni, akageuka. "Ila mwendo wangu unaujua."

Atakayecheka, namwombea mama mkwe mwenye macho mazuri.