Ramani ya Wajapani na Machela ya Matsu

Jumanne, 9 Aprili

Mkutano wa hekalu. Imeamuliwa tena: siku ya kuzaliwa kwa Mama Matsu, mungu wetu wa kike wa bahari, machela inayobeba sanamu yake itasimama kunywa chai kwenye nyumba kongwe kuliko zote kijijini. Yaani kwa jirani yangu, Tsai Chin-lai. Kama mwaka jana. Kama miaka yote tangu nizaliwe. Tsai kajifanya kushangaa, kainama mara tatu. Mnafiki.

Nyumbani mama hakugusa uji. Ana miaka themanini na saba. Amesema tangu aolewe hapa Mama Matsu hajasimama mlangoni kwake hata dakika moja, na hajui kama ataiona sikukuu nyingine. Nimeumia sana. Kisha nikapata wazo. Nani alisema kwa Tsai ndiko kukongwe? Tsai!

Alhamisi, 11 Aprili

Basi la asubuhi, maktaba ya mjini. Nimeomba ramani ya vipimo waliyochora Wajapani mwaka 1904, walipokitawala kisiwa hiki. Mashamba ya mpunga, mianzi, makaburi, na kila nyumba kidoa cheusi. Nimehesabu kwa kidole kutoka hekaluni. Kwetu: kidoa. Kwa Tsai: mpunga mtupu. Nimepiga ukelele, mkutubi kanitoa nje. Nimerudi na nakala kubwa kama shuka.

Jioni, kamati. Tsai akasema ramani ni karatasi tu. Nikasema basi aulizwe Matsu mwenyewe. Na ili Tsai asipate pa kuchomokea, nimedai swali liwe hili: Mama, mwaka huu kila kitu kifanywe kama kilivyo kwenye ramani? Mwenyekiti, Shangazi Yang, akatupa vibao viwili vya ramli, vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Ndiyo. Akarudia: ndiyo. Mara ya tatu: ndiyo. Tsai kanywea. Mama yangu kala mabakuli mawili.

Jumapili, 14 Aprili

Amekuja mpwa wa Tsai, Hsiu-lan, mpima ardhi. Binti mpole, na upole wake unatisha. Ameweka ramani ya zamani juu ya ile mpya kwenye simu, akaizunguka nyumba yangu, akasimama, akaniambia, “Samahani, mjomba.”

Kidoa ni nyumba yetu, hilo habishi. Ila barabara ya 1904 haikupita mbele. Ilipita nyuma. Na nyuma kuna jiko na bafu nililojenga mwaka 1998, vigae vya rangi ya waridi, nilivichagua mwenyewe. Machela itapita kwenye barabara ya ramani, maana ndivyo nilivyouliza na ndivyo Matsu alivyokubali. Machela na wabebaji wake wanahitaji mita mbili na nusu. Mlango wa jiko ni sentimita themanini.

Nimemwambia mama tumeonewa. “Si ulitaka ramani, A-te? Ndiyo hiyo,” kajibu, anamenya karanga. Halafu, bila kuinua macho, kanieleza kwamba kidoa kile kilikuwa zizi la nyati wa kulimia mpunga la akina Tsai. Wenyewe wakati huo walikaa ng'ambo ya mto. Babu wa baba yangu aliwachungia nyati wao na kulala nao humo, akapewa zizi alipooa. Nimeuliza kwa nini hakuniambia mapema. Kasema sikuuliza, nilikuwa nakimbilia basi.

Jumatatu, 15 Aprili

Hekaluni, peke yangu. Nimemwomba Matsu apite mbele. Vibao vyote viwili chali, yaani anacheka. Nimetupa tena. Anacheka. Mara kumi na moja. Ya kumi na mbili mfagiaji naye akaangua kicheko.

Nimemwendea Shangazi Yang, nikajitolea kumrudishia Tsai heshima yake, kwa ukarimu tu. “Wewe Ko,” kasema, “umemuuliza Mama Matsu mara tatu mbele ya watu. Bomoa.”

Jumamosi, 27 Aprili

Zimeanguka ukuta mmoja wa jiko na kuta mbili za bafu. Tsai kaja na nyundo yake mwenyewe kusaidia. Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa bidii namna ile.

Fataki, moshi wa ubani, kisha machela ikaingia jikoni kwangu. Mama alikuwa amekwishalala kifudifudi kwenye vigae vya waridi ili Matsu apite juu yake, kama wafanyavyo wanaotaka baraka. Wabebaji wakasogea polepole, wakafika juu ya mama, wakasimama. Akabaki pale chini akizungumza naye. Hakuna aliyemharakisha. Tulipomwinua alikuwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, akasema sasa na yeye ametembelewa. Nililia wazi wazi. Tsai pia alifuta macho. Alisema ni moshi.

Chai ilitoka kwa Tsai, kwa kuwa jiko langu halikuwepo. Watu wote wakaisifu. Kwenye nyumba yangu, wanasifu chai ya Tsai.

Jumanne, 30 Aprili

Naoga kwa ndoo nyuma ya turubai. Mama anawaonyesha wageni tundu na kuwaeleza alipolala. Hilo sawa. Lakini Tsai anapita kila saa, anachungulia, anasema siku hizi kwangu kuna hewa safi.

Nimerudi maktaba. Safari hii ramani ya 1921. Mfereji mkubwa wa kumwagilia mpunga ulipita katikati ya sebule ya Tsai, pale pale alipoweka televisheni!

Nimekwenda moja kwa moja kwa Shangazi Yang. Mama Matsu ameulizwa kama mifereji yote ya mababu ifukuliwe kama ilivyo kwenye ramani. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Maji yatafunguliwa Juni. Nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu. Hsiu-lan kaniuliza kama nimeangalia mfereji unateremkia wapi ukishatoka kwa mjomba wake. Nimemwambia mimi nilipofika sebuleni kwa Tsai niliikunja ramani.