Kilo Mbili za Mtu wa Kiwira

Gazeti la jana lilishuka Tukuyu saa nne asubuhi na basi la Dar, na muda si muda Obed alikuwa amelifungua chini ya bati la Andongwisye, fundi viatu wa Bulyaga. Mvua ilikuwa inapiga kama kawaida yake. Obed kijiweni ni Bunge, kwa sababu hasomi kimya.

"Sikilizeni, waheshimiwa! 'Kukoma hedhi si kukoma ndoa, asema daktari.'"

"Toba!" Tusajigwe aliruka. Huyu ndiye Chama Kimoja. Chochote kilicholetwa na soko huria, yeye anakipinga. "Hedhi gazetini? Ruksa nyingine zina mwisho, jamani!"

Ackson peke yake hakucheka. Mzee wa kanisa huyu wanamwita Kilo Mbili, kwa kilo mbili za sukari anazompelekea mkewe kila Jumamosi. Leo alikuwa na jambo. Elina, mkewe, alikuwa amemhamishia chumba cha watoto tangu Pasaka, na gari la saa sita lingempeleka Chama Kimoja Lupepo, kumposea Ackson mjane mmoja wa huko. Mambo yalikuwa yamekwisha pangwa. Kilichomchoma ni kwamba bado alimpenda Elina wake, tena sana.

"Anasema tumeshapata mjukuu, tuone haya, ndiyo mila," alilalamika. "Mjukuu ana miaka mitatu! Haya gani zimeanza Pasaka? Halafu usiku anatoka nje mara nne. Eti chooni. Choo gani hicho?"

"Kuna mtu," Bunge akaamua. "Ile kwaya anayoimba ina wanaume wawili wa sauti ya nne, mimi siwaelewi."

"Karogwa huyo," akasema Chama Kimoja.

"Au wewe unanuka ugoro," fundi akadakia. "Na mchungaji akisikia habari za Lupepo, meza ya Bwana utaichungulia dirishani."

Mara fundi akatupa chini msharasi wake wa kushonea. "Mwe! Kilo Mbili, mkweo anakuja!"

Balaa. Kwa Wanyakyusa mke wa mwanao hakutazami usoni, wala wewe humtazami. Mkikutana njiani, mmoja anaingia migombani. Pale Bulyaga migomba iko wapi? Ackson alimpokonya Bunge gazeti akajifunika uso mzima. Kule nje Sekela, nesi wa kliniki, kiatu kilichokatika mkononi, akateremsha mwavuli mpaka magotini na kuchuchumaa nyuma yake.

Wangeweza kumshonea kiatu akaenda zake. Lakini fundi ana kiherehere.

"Nesi, Mungu kakuleta. Nina jamaa yangu mmoja, mtu wa Kiwira. Mkewe amemfukuza kitandani."

Nyuma ya gazeti pakasikika kikohozi.

"Mama huyo ana miaka mingapi?" mwavuli uliuliza.

Vidole viwili vikachomoza pembeni ya gazeti.

"Hamsini na miwili," fundi akatafsiri.

"Basi hedhi imekoma au inakoma. Ukeni panakauka, tendo linauma. Joto linampanda, usingizi hana. Wewe baba, kitu kinachokuumiza utakitamani?"

"Ndiyo uzee huo, hauna dawa," Chama Kimoja akasema.

"Dawa ipo, na mafuta maalumu ya kupaka yapo. Wanaona aibu tu, wanasingizia wajukuu. Anakunywa maji mengi? Usiku anatoka kukojoa?"

"Mara nne!" Bunge akaropoka. "Sisi tulidhani kuna mtu wa kwaya."

"Hakuna mtu. Hiyo inanuka ugonjwa wa sukari, apimwe haraka. Sukari ikizidi, na presha, na mwili ukiwa mzito, damu haifiki vizuri, ganzi inaingia, fangasi haziishi. Hamu itatoka wapi? Mama wa watu anaumwa, nyie mnamsingizia wanaume!"

Kisha mwavuli ukaongeza, kwa adabu kabisa: "Na huyo mtu wa Kiwira mwambieni aache kupeleka kilo mbili kila Jumamosi."

Bunge aliuma kofia asicheke. Nyuma ya gazeti Ackson aliona aibu, halafu uchungu. Miaka ya foleni, sukari ikiwa ya kibali, Elina alinyonyesha kwa uji wa chumvi. Maduka yalipojaa, Ackson aliapa mkewe hatakunywa tena chai kavu. Kila asubuhi alisimama pale jikoni mpaka kijiko cha nne kiingie kikombeni. Elina alikuwa akinywa ili asimvunje moyo.

"Waje wote wawili Jumanne," Sekela akasema. "Na mwanamume apimwe. Chai wanakunywa pamoja."

Fundi alijikuna kichwa. "Tatizo, nesi, mtu wa Kiwira hawezi kuingia pale kliniki. Nesi wake... ni mkwe wake."

Mvua ikapiga bati. Mwavuli ukainuka taratibu, ukageuka kuelekea barabarani.

"Jumanne mimi sitakuwepo," ukasema. "Nimeomba ruhusa tangu juzi."

"Ndaga," gazeti likajibu kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo asante ya kwao.

Sekela akaondoka na kiatu chake kibovu mkononi. Huko stendi gari la Lupepo likapiga honi. Chama Kimoja akasimama, akafunga vifungo vya koti la posa.

"Kilo Mbili, watu wanasubiri kule. Nikawaambie nini?"

Ackson hakushusha gazeti. Macho yalikuwa yamelowa.

"Kawaambie mtu wa Kiwira ana mke."